Wanandoa wa Madeni

Juma hili nawapeleka Yubari, mji mdogo katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Ni mji uliozaliwa na makaa ya mawe. Mwaka 1960 ulikuwa na wakazi zaidi ya laki moja. Kisha Japani ikageukia mafuta, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ukafungwa mwaka 1990.

Meya wa siku hizo, Tetsuji Nakata, hakukubali kuzika mji wake. Alijenga makumbusho ya makaa na viwanja vya burudani, akaanzisha na tamasha la filamu. Hata mlima Racey, ambako watu waliteleza juu ya theluji wakiwa wamefunga mbao miguuni, manispaa iliununua pamoja na hoteli yake. Simlaumu kwa kuthubutu. Namlaumu kwa vitabu vya hesabu: manispaa ilikopa huku kuziba kule, na makaratasi yakasema mambo ni shwari.

Mwaka 2006 siri ilifichuka. Deni lilikuwa yen bilioni 35.3, na wakazi walikwishapungua hadi 13,000 hivi. Gawanya, msikilizaji: zaidi ya yen milioni mbili na nusu kwa kila kichwa, kitoto kichanga kikiwamo! Kodi zikapanda, hospitali ikashushwa kuwa zahanati, shule za msingi zikaunganishwa kuwa moja.

Hapo ndipo walipofanya jambo lililonifurahisha. Kwa Kijapani neno "fusai" hutamkwa sawasawa likiwa na maana ya mume na mke, au madeni. Basi wakachora mume na mke waliovaa matambara, wakautangaza mji kuwa hauna fedha lakini una mapenzi. Mwaka 2009 tangazo hilo lilipata tuzo kuu huko Cannes, Ufaransa.

Mlima nao ulikodishwa kwa kampuni binafsi ukaendelea kupokea wageni. Mwaka 2017 manispaa iliuuza, pamoja na mahoteli, kwa kampuni ya mwekezaji wa Kichina. Mwaka 2019 mwekezaji huyo akauza tena, kwa wenye fedha wa Hong Kong, kwa bei iliyoipita mbali ile aliyonunulia. Faida hiyo haikuingia katika sanduku la mji, na wananchi waliendelea kulipa deni. Desemba 2020, wageni wakiwa wamekatika kwa sababu ya korona, kampuni iliyokuwa ikiendesha mlima ilifilisika. Msimu wa theluji ndio kwanza ulikuwa unaanza.