Ufunguo wa Ghala la Mbali

Leo hatusomi habari za wafalme wala za vita. Tunasoma historia ya ghala moja lisiloonekana kwa macho, na huenda karatasi za kamati yenu zimo ndani yake wakati huu mnaposoma.

Ghala hilo huitwa wingu. Jina lisiwadanganye: hakuna kitu kinachoelea angani. Wingu ni kompyuta za watu wengine, zimesimama safu safu katika majengo makubwa, pengine ng'ambo ya bahari, nanyi mnakodi nafasi humo kama mtu akodivyo chumba. Kamati ikijenga zahanati, ramani, majina ya mafundi, hesabu ya saruji na namba za benki huwekwa humo, ili mwenyekiti aliye mjini na fundi aliye kijijini wasome karatasi ile ile kwa simu zao. Ni jambo jema sana. Lakini ghala lina mlango, na mlango una ufunguo. Ufunguo wenyewe ni neno la siri.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, wataalamu walionyesha namna ya kuwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kompyuta za siku zile zilikuwa kubwa na ghali mno. Haikuwezekana kila mtu awe na yake. Kila mtumiaji akapewa neno lake la siri. Mwaka uliofuata, 1962, mwanafunzi aitwaye Allan Scherr aliona kwamba saa 4 alizogawiwa kwa juma hazimtoshi. Basi Ijumaa usiku akaiomba mashine imchapie orodha ya maneno ya siri yote, na Jumamosi alfajiri akaenda kuichukua. Mashine haikuuliza kwa nini. Tena mwaka 1966, pale pale MIT, majalada mawili yalibadilishana nafasi kwa makosa, na kila aliyeingia akaonyeshwa maneno ya siri ya watu wote badala ya tangazo la siku! Mimi huicheka habari hii kila niisomapo, ingawa wenyewe nadhani hawakucheka.

Kutoka hapo tupite upesi hadi mwaka 2006, wakati kampuni ya Amazon ilipoanza kuwakodisha watu nafasi katika kompyuta zake. Wengi wakahamia humo, maana ni rahisi kuliko kununua mashine.

Miongoni mwao ilikuwamo kampuni moja ndogo, Code Spaces. Kazi yake ilikuwa kuwatunzia wateja programu walizoandika na mipango ya kazi zao. Iliwaahidi kwamba inaweka nakala za vitu vyao. Tarehe 17 Juni 2014 ilishambuliwa. Kwanza mitambo yake ilisongwa na maombi mengi ya uongo, kama duka linalojaa watu wasionunua kitu hata wanunuzi wa kweli wasiweze kupita. Kisha wakagundua kwamba mtu fulani ameingia katika ukurasa ule wenye amri zote za ghala lao, akaacha ujumbe akidai fedha nyingi.

Wenyewe wakafanya lile ambalo mimi na wewe tungelifanya: wakabadili maneno ya siri ili wamtoe nje. Lakini mwizi alikuwa amekwisha kujichongea funguo nyingine. Alipoona wanamfukuza, akaanza kufuta. Katika muda wa saa 12 sehemu kubwa ya vitu vyao ilikuwa imefutwa, pamoja na nakala za akiba. Kampuni ikafunga kazi.

Sasa uliza: nakala zilikuwapo, mbona hazikuwaokoa? Kwa sababu nakala na asili zote zilifunguliwa kwa ufunguo mmoja. Aliyeupata ufunguo ule alipata vyote. Kama nakala moja tu ingalikuwa mahali pengine, katika mashine isiyounganishwa na ghala lile, mwizi asingaliifikia.

Labda utasema, hayo ni ya huko Ulaya na Marekani. Sivyo. Nyaya za SEACOM, zipitazo chini ya bahari, zilianza kazi Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na tangu hapo ghala la mbali limekuwa karibu nasi. Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Hata hivyo sheria haimzuii karani kuandika neno la siri ukutani, wala kamati ya watu 9 kutumia neno moja, wala aliyejiuzulu mwaka jana kuendelea kuingia kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Ofisi isiyo na fedha hukopa kompyuta ya duka la intaneti, na karani husahau kufunga mlango anapoondoka. Umaskini huongeza hatari kwa njia hiyo.

Tena, si wezi tu. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini. Tanzania na majirani zake intaneti ikazorota. Hakuna aliyeiba kitu, lakini mtu ambaye hesabu zake zote zilikuwa ng'ambo, bila hata karatasi moja nyumbani, alikaa akingoja.

Kabla hamjafunga vitabu, jibuni pamoja darasani: katika kamati yenu, ni watu wangapi wanaolijua neno la siri, na nakala ya daftari la fedha iko wapi leo jioni?