Mbaazi na Kipupwe

Katika somo la methali, mbaazi hushtakiwa kila mwaka. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," huandikwa ubaoni, na wanafunzi huambiwa kuwa huyo ndiye mvivu atafutaye kisingizio. Maana hiyo sina ugomvi nayo. Lakini mti wenyewe haukupata kusikilizwa, na ushahidi wake umo katika kipupwe.

Kipupwe ndiyo baridi yetu, tangu Juni hadi Agosti, uvumapo upepo wa kusi. Masika yamekwisha, mahindi yamevunwa, na mgeni apitaye Lindi au Mtwara angedhani mashamba yamelala. Hapo ndipo mbaazi huanza kazi. Ulipandwa pamoja na mahindi kwa mvua za Desemba au Januari, ukakaa miezi kadhaa kivulini mwa mwenziwe, ukikua polepole, huku mzizi wake ukishuka chini sana kufuata unyevu. Mahindi yakiondoka, hupata nafasi; huchanua maua ya manjano, na kati ya Julai na Septemba watu huchuma. Majani yapukutikayo hurutubisha udongo, na vijiti vikavu huwa kuni za jikoni.

Kwa nini usichanue mapema? Kwa sababu ya jua. Mbegu zetu za zamani hungoja mchana upungue. Kule Mtwara mchana wa Desemba huuzidi ule wa Juni kwa zaidi ya saa nzima. Tofauti hiyo sisi wenye saa mikononi hatuijali, lakini mbaazi huitambua. Joto likizidi, nalo huyachelewesha maua ya mbegu hizo. Basi mbaazi usemapo "ni jua", unasema kweli! Nashawishika kuamini kuwa aliyeitunga methali hii alikuwa mkulima, si mtu wa barazani tu: aliuona ukweli wa jua na ua, ndipo akaufanyia mzaha.

Asili ya mmea huu ni Bara Hindi. Watu wa pwani waliupokea, wakazipika mbaazi kwa tui la nazi, wakazila asubuhi kwa mahamri, hata leo hakuna azifikiriaye kuwa chakula cha kigeni. Baadaye safari iligeuka, mbaazi zetu zikawa zinapelekwa India kwa magunia. Agosti 2017, wakati mavuno ya kipupwe yakiingia ghalani, Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zitokazo nje. Bei ikaanguka, kusini na Manyara pia. Wako walioziacha zikauke shambani, kwa kuwa ujira wa kuvuna ungeizidi bei ya gunia. Mkulima aliyesema mwaka ule kwamba soko limefungwa hakuwa akisingizia. Mlango huo ulifunguliwa tena Mei 2021, kipupwe kikikaribia, mbaazi zikiwa katika maua.