Kompyuta ilivyochelewa kufika Nachingwea na Ruangwa

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikaanza kufungua vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kijana wa Nachingwea au Ruangwa, wilaya za kusini mwa Tanzania, anayetaka kusoma sayansi ya kompyuta karibu na kwao bado anaishi na matokeo ya maamuzi hayo mawili.

Marufuku ilikuwa na sababu zake. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Baadaye zikaletwa mashine kubwa zaidi, wazalendo wa kuziendesha wakiwa wachache mno. Hesabu za serikali zikavurugika na fedha nyingi zikapotea. Wakati huo kompyuta za nchi nzima hazikuzidi saba. Taifa lililokuwa likibana kila senti ya fedha za kigeni likaona afadhali kufunga mlango. Marufuku ilipoanza kulegezwa, kizazi kizima cha wanafunzi kilikuwa kimeshapita.

Nachingwea ilikuwa imeshayaona mambo ya mashine zinazotangulia maarifa. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta matrekta na reli katika nchi ya Wamwera. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Mipango yote ile ilifanywa mbali, na wenyeji hawakuulizwa wangependa kujifunza nini.

Vyuo vya wananchi vilikusudiwa kufanya kinyume chake. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya namna hiyo vya Sweden, ambako mtu mzima husoma anachokihitaji maishani bila kuchujwa na mitihani. Huku kusini vikajengwa Masasi, Newala, Chilala na Kilwa Masoko. Aliyeishia darasa la saba aliweza kujifunza useremala, uashi, ushonaji au kilimo. Ni wazo zuri, na kwangu halijachakaa hata kidogo. Kasoro ni kwamba kompyuta ilipoingia katika vyuo vya aina hii, mara nyingi iliingia kama somo la kuchapa barua na kupanga majedwali. Kuandika programu kuliachiwa vyuo vikuu vya mbali.

Sweden ilirudi tena kwa njia nyingine. Mradi wa TEHAMA ulioanza mwaka 2005 ulipeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali, na Nachingwea kuna chuo cha ualimu. Lakini intaneti ya wakati huo ilitegemea setilaiti na bei yake haikushikika. Kebo ya kwanza ya baharini, SEACOM, ilifika Dar es Salaam Julai 2009, ndipo mkongo wa taifa wa mawasiliano ukapata cha kusafirisha hadi mikoani. Kwa vijana wengi wa wilaya hizi, darasa la kwanza la kompyuta lilikuwa steshenari ya mjini, wakimtazama mchapaji begani.

Siku hizi Ruangwa ina chuo cha VETA, na mahitaji yako mlangoni. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza korosho za wakulima kwa mnada. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ya jasho la mkulima inapatikana ndani ya programu.

Mtoto wa mkulima huyo anastahili kufundishwa jinsi mfumo ule unavyopanga zabuni, unavyotunza kumbukumbu na unavyoweza kukosea. Somo hilo halihitaji mtambo wa Hazina. Linahitaji mwalimu anayejua kuandika programu, umeme usiokatika katikati ya kipindi, na mlango ulio wazi hata kwa aliyeishia darasa la saba, kama vyuo vya mwaka 1975 vilivyokusudia.