Kibuli: Kutoka Picha ya Amri Hadi Picha ya Moyo

Anayesimama penye Msikiti wa Kibuli, uliofunguliwa mwaka 1951 kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, huona sehemu kubwa ya Kampala. Upande wa mashariki kilima kinateremka kuelekea Kisugu na Namuwongo. Huko bondeni hupita mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji machafu ya jiji hadi kwenye kinamasi cha mafunjo na kisha katika ghuba ya Ziwa Viktoria. Mafunjo huyachuja maji hayo, na kutoka ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, jiji huchota maji ya kunywa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinamasi imekwisha kuliwa na mashamba, viwanda na makazi. Jina la Kampala lenyewe linatokana na swala pala waliokuwa wakilisha vilimani. Leo wamebaki katika jina tu.

Katika makala hii tunajiuliza: je, filamu na sanaa zinaweza kumrudishia mkaazi wa jiji mapenzi ya ardhi na maji yake? Historia ya eneo letu inaonyesha kwamba jambo kubwa si chombo, bali ni sauti inayosema ndani yake.

Tuanze na filamu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi huo ulizungusha filamu zake Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, huku maelezo ya Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine yakichezwa kwenye santuri. Mojawapo ya filamu hizo ilihusu mmomonyoko wa udongo. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Lakini waliotunga filamu walikuwa wageni, na mkulima aliwekwa mbele ya pazia ili aambiwe makosa yake. Ikumbukwe kwamba mwaka 1938, serikali ya Kenya ilipowapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu kwa hoja hiyohiyo ya udongo, maelfu yao waliandamana hadi Nairobi. Ukweli uliotolewa kama amri ulipokewa kama uonevu.

Wasomaji wetu wa Uganda wataitambua hali hiyo, kwani Kiswahili nacho kilipita njia hiyohiyo. Hapo Kibuli kuna chuo cha mafunzo ya polisi, na kwa miaka mingi raia wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya askari, lugha ya kuamrishwa. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na hilo halikukiondolea sura ya kambi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria hufungua mlango, lakini haimpi mtu hamu ya kuingia.

Sanaa ya uchoraji ilifuata njia nyingine. Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma na baadaye kufundisha Makerere, alichora migomba, mavuno na kazi za pamoja za kwao Kilimanjaro. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua mchoro wake unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hakuna anayekaripiwa katika mchoro huo. Mgomba umo humo kwa sababu harusi haifanyiki bila yeye.

Hali kadhalika lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome huvunwa wakati wa mvua na kupondwa kwa nyundo za mbao. Shina hufungwa kwa majani ya migomba ili gome jipya liote, na mti huendelea kuishi. Katika karne ya 19 nguo za pamba zilizoletwa na misafara kutoka pwani, misafara iliyoleta pia Uislamu na Kiswahili, zilipunguza kazi hiyo. Lubugo likabaki katika kutawazwa na katika maziko, yaani pale penye hisia nzito zaidi. Mwaka 2005 UNESCO ililitangaza kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu. Msanii Fred Mutebi, mchapaji wa picha za mbao, amefanya kazi na wakulima kuipanda tena mitutuba. Kwake, sanaa huanzia kwenye mche.

Filamu pia imepata nafasi ya kubadili sauti yake. Tangu mwaka 2004 Maisha Film Lab, iliyoanzishwa Kampala na Mira Nair, imewafunza vijana wa Afrika Mashariki kusimulia hadithi zao wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wa Kiswahili wateremke kilima cha Kibuli wakiwa na kamera. Wasiende kuwahubiria wakaazi wa Namuwongo juu ya takataka. Wawaulize wazee majina ya mimea ya kinamasi, na akina mama wanaosuka mikeka wapi walipata mafunjo zamani. Majibu hayo yawe ndiyo maelezo ya filamu. Kinamasi kitapata watetezi, na Kiswahili kitasikika bondeni bila kumwamrisha mtu.