Tabora kwa siku moja: nyumba ya mgeni na ikulu ya mwenyeji

Wadau, leo tuzungumzie magofu. Najua ukitaja magofu, kijana wa mjini anafikiria Roma, zile nguzo za marumaru za kwenye kalenda na ule uwanja wa Colosseum. Aliyesoma kidogo ataongeza Kilwa Kisiwani, au Kaole pale Bagamoyo. Sisi wa huku bara, kuanzia Kagongwa na Kahama hadi Geita, tumezoea kuambiwa kwamba hatuna kitu. Tuna mpunga, tuna dhahabu, tuna vumbi. Historia iko pwani.

Sikubaliani na hilo hata kidogo. Ndiyo maana Jumamosi moja tulijikusanya watu ishirini na wawili hapa Kagongwa, walimu, wafanyabiashara wa mchele, vijana wawili wa machimboni na mimi mwandishi, tukakodi Kosta na kwenda Tabora kutembezwa, asubuhi kwenda na usiku kurudi.

Kwa wasiopajua, Kagongwa ni mji wa mashine za mpunga kwenye lami ya kwenda Kahama na Rusumo. Usiku kucha malori ya Kigali yanapita. Sasa jamani, njia hii ya mizigo si ya jana. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda Karagwe na Buganda ilitokea Tabora ikakatiza nchi hizi zetu. Lori lilikuwa mtu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani au kichwani, kutoka huku mpaka Bagamoyo, na kurudi na vitambaa, shanga na baruti. Wengi walifanya kazi hiyo kwa ujira, na kwa vijana wengi kwenda pwani kulikuwa ndiyo kuukata ujana. Wengine katika njia hiyo hiyo walikwenda wakiwa wamefungwa shingoni, na tusijidanganye, baadhi ya waliowauza walikuwa watemi wetu wenyewe.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri: Isaka, Tinde, Nzega, kisha moja kwa moja kusini. Saa tatu na ushee tulikuwa Tabora. Mwongozaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu. Akatupokea kwa "mwangaluka", tukaitikia, akacheka kwamba Wasukuma tumekuja kwa kaka zetu. Utani huo uliendelea mpaka jioni.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe ya Livingstone. Ni nyumba ya udongo yenye rangi ya wekundu uliokolea, paa bapa, mlango wa kuchongwa kama wa Unguja, vyumba vimezunguka ua. Ndani kuna ramani na nakala za barua. Mwalimu alitusimulia vizuri. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari kama mimi ila mwenye pesa za gazeti la New York Herald, alifikia hapa. Akaenda Ujiji, akamkuta David Livingstone, wakarudi wote Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Mzee wa watu alibaki akingoja wapagazi na vifaa hadi Agosti, akaelekea kusini, na Mei 1873 akafariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao walimbeba kurudi pwani kupitia hapa hapa. Kwihara walikutana na Mwingereza Cameron, ambaye aliwashauri wamzike tu. Wakakataa. Aprili 1874 alizikwa London, Westminster Abbey.

Hadithi tamu, na watu wakapiga picha. Lakini mimi nilikuwa na swali, nalo lilihusu ile miezi ya kabla ya Ujiji. Stanley alikuwa anafanya nini Kwihara kuanzia Juni hadi Septemba 1871?

Alikuwa vitani, wadau. Na vita yenyewe ndiyo historia ya Tabora.

Mji huu, ambao sehemu yake iliitwa Kazeh, ulikuwa makao ya wafanyabiashara Waarabu ndani ya nchi ya Unyanyembe. Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakakuta watu wanaishi raha: bustani, watumishi, habari za kila upande. Hapo ndipo Speke alipotokea kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akawa Mwanza anaitazama Nyanza. Lakini Waarabu hawakuridhika kufanya biashara tu. Walitaka mtemi wa kuwasikiliza. Manwa Sera alipowatoza ushuru walimtoa, wakamweka Mkasiwa, na Manwa Sera akapigana nao miaka kadhaa mpaka akauawa.

Upande wa magharibi akainuka Mirambo wa Urambo. Huyu alielewa jambo moja ambalo hata leo serikali zinahangaika nalo: mali ikipita kwako, uwe na sauti juu yake. Akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakatangaza vita, na Stanley akajiunga nao akidhani ni kazi ya siku chache. Wakashinda vijiji viwili vitatu, wakaingia kwenye mtego, wakakimbia, na Stanley mwenye homa akaachwa ajiokoe mwenyewe. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo na rugaruga wake waliingia Tabora. Sehemu kubwa ya mji ikachomwa moto. Khamis bin Abdullah, mmoja wa vigogo wa Waarabu, akauawa. Stanley alijifungia katika tembe ya Kwihara, akatoboa matundu ya bunduki ukutani, bendera ya Marekani juu, akamngoja Mirambo. Mirambo hakuja. Septemba Stanley akaondoka kwa kuzunguka mbali kusini, ili asikutane naye.

Kwa hiyo nyumba ile tunayoonyeshwa kama mahali pa urafiki wa wazungu wawili ilikuwa ngome dhidi ya Mnyamwezi! Stanley mwenyewe baadaye alimfananisha Mirambo na Napoleon, na mwaka 1876 wakachanjiana udugu. Nilimwambia Mwalimu kwamba hilo ndilo lingeandikwa kwanza pale mlangoni. Akanijibu, "Kijana, wewe umekuja na maswali yako. Wengi wanakuja na Livingstone wao."

Kuna mtu mwingine simwachi. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, alipita Tabora na Burton na Speke mwaka 1857, akarudi na Speke 1861, akaja na Stanley 1871, na alikuwa na Cameron 1873. Wagunduzi wanne, mwenye njia ni mmoja.

Baada ya chakula (wali na kuku wa kienyeji, na ndugu zangu wa Kagongwa wakaanza kuukosoa mchele, mwiko haukuchukua muda) ratiba ilisema Boma la Wajerumani, stesheni ya reli na Shule ya Tabora. Nikauliza: na ikulu ya Isike?

Haikuwa kwenye ratiba.

Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe tangu 1876. Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora Agosti 1890, na Isike hakuikubali. Alikuwa na boma kubwa la kuta nene za udongo na magogo nje kidogo ya mji. Mwaka 1892 Wajerumani na askari wao walilishambulia na kushindwa. Januari 1893 akaletwa Tom von Prince, na safari hii boma likavunjwa. Isike aliingia kwenye ghala la baruti na kulilipua akiwamo ndani. Wajerumani walimkuta bado anapumua, wakamnyonga. Huyo Prince ndiye aliyekwenda Kalenga kupambana na Mkwawa mwaka uliofuata, na mwenyewe akauawa Tanga Novemba 1914.

Mkwawa kila mtoto wa shule anamjua, fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Mirambo ana kambi ya jeshi na sekondari Tabora. Isike je? Na neno "ikulu" tunalolitumia kwa nyumba ya Rais limetoka huku huku, ni makao ya mtemi!

Wapo watakaosema udongo haudumu, jiwe ndilo linadumu, ndiyo maana Roma ipo. Hoja hiyo naijua, na Kwihara inaijibu. Ile tembe nayo ni ya udongo. Mvua inainyeshea na mchwa wapo. Imesimama kwa sababu kila kizazi kilitokea mtu wa kuikandika upya, tangu enzi za mkoloni, kwa kuwa Livingstone alilala humo. Hata mawe hayajilindi. Kule Morocco, mji wa Kirumi wa Volubilis ulichukuliwa mawe yake kwenda kujengea majumba ya Sultani Moulay Ismail mjini Meknes. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO orodha ya awali ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na kwa Tabora ilitajwa Kwihara. Nimefurahi imetajwa. Ila nyumba ya mgeni ikipata lipu na ya mwenyeji ikaachwa ishuke ardhini, tusisingizie mvua.

Boma tulilitazama kwa nje tu, maana ni la jeshi. Stesheni ni nzuri. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Wabelgiji wakauteka mji Septemba 1916. Vijana wetu wa machimboni ndipo walipoamka, Mwalimu alipotaja kwamba mwaka huo wa 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita, walifyatua sarafu za dhahabu hapa Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Rupia 15, tembo upande mmoja. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000, na leo wakusanyaji wa Ulaya wanazigombania. Mmoja akauliza kama ipo hata moja ya kuangalia. Hatukuonyeshwa. Shuleni tulipita haraka, jua linashuka. Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937. Tukanunua asali, tukaondoka saa kumi na moja.

Pale Nzega tuliposimama kununua maji, tulikubaliana safari ya pili: Urambo kwa Mirambo, na kabla ya hapo kumtafuta mzee wa ukoo wa Fundikira atuonyeshe alipofia Isike. Mlio na babu au bibi wa Unyanyembe, waulizeni kabla hatujaenda: Januari ile ya 1893, baruti ilipolipuka, watu wa nyumbani kwenu walikuwa wapi, na walisimulia nini?