Kisiwa cha Kupro na Mstari wa Kijani

Msomaji, ikiwa wewe ni mwenyeji wa Kabiro, au umepata kushika njia ya kutoka Kawangware kwenda Riruta, huenda umelisikia jina la Makarios wa Tatu. Ndilo jina la chuo cha mapadre wa Kanisa la Othodoksi kilichoko Riruta. Wengi hupita hapo, na wachache hujiuliza mtu huyo alikuwa nani. Jina hili si la Kikikuyu wala la Kiluhya, wala si la mmisionari wa Kiingereza. Makarios alikuwa askofu mkuu wa kisiwa kidogo katika Bahari ya Mediterania, na pia rais wa kwanza wa nchi hiyo. Kisiwa chenyewe ni Kupro, ambacho wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hukijua kwa jina la Kipro, nchi aliyozaliwa Barnaba. Nataka kukueleza habari za nchi hiyo na watu wake, na zaidi sana habari za serikali yake. Mapatano yaliyoizaa serikali hiyo yalitiwa sahihi London, katika jumba la Lancaster, ambamo baadaye viongozi wetu wa Kenya walijadili katiba ya uhuru. Wenzetu wale walipata uhuru kabla yetu, na katiba yao ilivunjika kabla haijatimiza miaka minne.

Chukua ramani utazame pembe ya mashariki ya bahari ile. Utaona kisiwa chenye umbo la kikaango, na mpini wake mrefu umeelekea kaskazini mashariki. Uturuki iko upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita 70 tu, na Shamu iko upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 100. Ugiriki iko mbali sana upande wa magharibi. Yafaa uukumbuke umbali huo, maana matata mengi ya kisiwa yametokana nao. Eneo lake ni kilomita za mraba 9,251, yaani hakifiki hata nusu ya Kaunti ya Kajiado. Hata hivyo, katika visiwa vya Mediterania ni cha tatu kwa ukubwa, baada ya Sicily na Sardinia.

Kuna safu mbili za milima. Ile ya kaskazini, ya Kyrenia, ni nyembamba na yenye majabali makali, na mlima wake mmoja huitwa Vidole Vitano kwa namna vilele vyake vilivyosimama. Ile ya kusini magharibi huitwa Troodos, nayo ndiyo kubwa. Kilele chake, Olympus, kina mita 1,952. Limuru yetu iko juu kuliko hapo, lakini kwa kuwa Kupro iko mbali na ikweta, theluji huanguka Troodos kila mwaka. Katikati ya safu hizo kuna uwanda uitwao Mesaoria, jina ambalo maana yake ni kati ya milima. Huko hulimwa ngano na shayiri, na huko ndiko uliko mji mkuu, Nicosia. Mvua hunyesha wakati wa baridi. Wakati wa joto mito hukauka, na maji yamekuwa shida ya kisiwa hicho tangu zamani. Mizeituni, mizabibu na michungwa hustawi. Chini ya ardhi kuna shaba, ambayo ilichimbwa huko maelfu ya miaka iliyopita, hata Warumi waliyaita madini hayo kwa jina la kisiwa.

Kisiwa chenye shaba na bandari njema, kilichosimama mlangoni pa mashariki, hakikosi kutamaniwa. Waliokitawala ni wengi, na sitakuchosha kwa orodha yao yote. Waajemi wamo, Warumi wamo, wamo na Wafaransa na watu wa Venice, ambao ukuta wao wenye ngome kumi na moja bado unauzunguka mji wa kale wa Nicosia. Wenyeji walio wengi walikuwa Wagiriki kwa lugha na Wakristo wa Othodoksi kwa dini. Mwaka 1571 Waturuki waliwanyang'anya watu wa Venice kisiwa hicho, na wengi wao wakahamia huko wakawa wenyeji, Waislamu kwa dini. Waturuki walitawala kwa njia ya dini: kila jamaa ya waumini ilikuwa na mkuu wake, na mkuu wa Wagiriki alikuwa askofu mkuu. Yeye ndiye aliyewasemea mbele ya serikali, na jambo lilipoharibika yeye ndiye aliyeulizwa. Mwaka 1821 Askofu Mkuu Kyprianos alinyongwa kwa kushukiwa kuwaunga mkono Wagiriki waliokuwa wakiasi huko Ugiriki. Basi usistaajabu kusikia kwamba karne moja na nusu baadaye rais wa nchi hiyo alikuwa mtu wa joho na msalaba.

Neno moja zaidi juu ya watu, nalo ni kubwa. Hesabu ya mwaka 1960 ilionyesha watu wapatao 573,000, Wagiriki karibu 77 kwa mia na Waturuki kama 18 kwa mia. Waliobaki walikuwa Wamaroni, Waarmenia na wengineo. Lakini hawakukaa mbalimbali kana kwamba kila mmoja ana jimbo lake. Katika wilaya zote sita, hakuna hata moja ambayo Waturuki walikuwa ndio wengi. Vilikuwako vijiji vingi vyenye kanisa na msikiti, kama mitaa ya Kabiro na Kibera ambamo mlango mmoja ni wa Mluo, wa pili ni wa Mluhya, na wa tatu ni wa Mnubi au Mkamba.

Waingereza walianza kukitawala kisiwa mwaka 1878, wakakitwaa kabisa mwaka 1914, na kukifanya koloni mwaka 1925. Wagiriki wa Kupro hawakuutaka utawala huo, lakini walilolidai halikuwa uhuru kama tuujuavyo sisi. Walitaka kuunganishwa na Ugiriki. Waturuki waliogopa jambo hilo kuliko kitu chochote, na baadhi yao wakaanza kudai kisiwa kigawanywe. Mwaka 1950 Makarios, mwana wa mchungaji wa kondoo na mbuzi, alichaguliwa kuwa askofu mkuu akiwa na miaka 37. Tarehe 1 Aprili 1955 kundi la siri liitwalo EOKA, likiongozwa na mwanajeshi Georgios Grivas, lilianza kulipua mabomu.

Yaliyofuata, msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana. Hali ya hatari ilitangazwa Novemba 1955, kama ilivyotangazwa kwetu Oktoba 1952. Amri za kutotoka nje zilitolewa, kambi za vizuizi zikajengwa, vijiji vizima vikatozwa faini. Hapa petu serikali iliandika walinzi miongoni mwa Wakikuyu ili wapigane na Wakikuyu wenzao. Kule iliandika Waturuki wengi katika polisi ili wawawinde Wagiriki. Pengine hapakuwa na kitendo kilichowatenga majirani hao kuliko hicho, maana tangu siku hiyo Mgiriki aliyepigwa na polisi alisema amepigwa na Mturuki.

Tarehe 9 Machi 1956 Makarios alikamatwa pamoja na wenzake watatu. Walisafirishwa kwa ndege mpaka Kenya, wakapandishwa manowari Mombasa na kupelekwa kisiwa cha Mahe katika Shelisheli. Mwaka huo Jomo Kenyatta alikuwa kifungoni Lokitaung. Na Mahe ilikuwa imekwisha kuwapokea wafungwa wengine wa Waingereza: Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyefia huko mwaka 1903, na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Makarios aliachiliwa mwaka 1957, akapitia Nairobi akielekea Athens.

Sasa tufike kwenye serikali. Februari 1959 Uingereza, Ugiriki na Uturuki zilipatana kwamba Kupro isiunganishwe na nchi yoyote wala isigawanywe, bali iwe jamhuri. Uhuru ulipatikana tarehe 16 Agosti 1960. Uingereza ilibaki na maeneo mawili ya kijeshi, Akrotiri na Dhekelia, ambayo ni mali yake hata leo. Wananchi hawakuulizwa kwa kura kama wanaitaka katiba hiyo.

Katiba yenyewe ilikuwa hivi. Rais awe Mgiriki, achaguliwe na Wagiriki peke yao. Makamu wake awe Mturuki, achaguliwe na Waturuki peke yao. Kila mmoja wa hao wawili aweze kuzuia maamuzi yahusuyo mambo ya nje, ulinzi na usalama. Mawaziri wawe saba Wagiriki na watatu Waturuki. Katika bunge la watu 50, Wagiriki wawe 35 na Waturuki 15, na sheria za kodi zipite tu ikiwa kila upande umekubali kwa wingi wa kura zake wenyewe. Nafasi za kazi serikalini zigawanywe 70 kwa 30, na za jeshi 60 kwa 40. Kila raia ajiandikishe upande mmoja. Hata Wamaroni na Waarmenia, ambao hawakuwa Wagiriki wala Waturuki, ilikuwa lazima wachague, wakachagua upande wa Wagiriki.

Tazama hesabu hizo, utaona kwamba waliozitunga walitaka kuwalinda walio wachache, na nia hiyo si mbaya. Lakini jiulize: mtu aliyetaka urais wa Kupro alikuwa na sababu gani ya kwenda kuomba kura katika kijiji cha Waturuki? Hakuwa na sababu hata moja. Wala Mturuki hakuwa na haja ya kura ya Mgiriki. Katiba yetu ya mwaka 2010 yamlazimisha anayetaka urais apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, hivi kwamba, apende asipende, hana budi kwenda kwa wasio watu wake. Sisemi kwamba dawa hiyo imetuponya. Nasema tu kwamba Kupro haikuwa nayo.

Mgogoro haukukawia. Wagiriki walitaka vikosi vya jeshi vichanganywe. Waturuki walitaka kila kikosi kidogo kiwe cha watu wa upande mmoja. Makamu wa Rais, Fazıl Küçük, alitumia haki yake ya kuzuia, na jeshi la taifa halikuundwa kama lilivyokusudiwa. Pande zote mbili zikajifunza vita kwa siri. Wabunge Waturuki walikataa sheria za kodi kwa kuwa hawakupewa mabaraza yao ya miji. Bendera ya nchi ilikuwa nzuri, ramani ya kisiwa kwa rangi ya shaba na matawi mawili ya mzeituni chini yake, lakini wengi walipandisha bendera ya Ugiriki au ya Uturuki. Mwishoni mwa Novemba 1963 Makarios alipendekeza katiba ibadilishwe katika mambo 13. Sisi tulipata uhuru wetu tarehe 12 Desemba. Siku tisa baadaye risasi zilisikika Nicosia.

Jemadari Mwingereza, Peter Young, alichukua kalamu ya kijani akachora mstari katika ramani ya mji ili kuwatenganisha wapiganaji. Kalamu ingalikuwa nyekundu tungaliuita mstari mwekundu. Waturuki wengi walihama vijiji vyao wakajikusanya mahali pamoja, na Machi 1964 Umoja wa Mataifa ukaamua kupeleka askari wa kulinda amani. Wako huko mpaka leo.

Makarios aliendelea kutawala, na Machi 1971 alikuja Kenya akabatiza maelfu ya watu. Chuo cha Riruta kilitokana na ziara hiyo. Kabla hakijafunguliwa, nchi yake ilipasuka. Tarehe 15 Julai 1974 maofisa waliotumwa na serikali ya kijeshi ya Athens walimpindua. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki lilishuka kaskazini, na mwezi wa Agosti lilikuwa limeshika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki zaidi ya 150,000 walikimbilia kusini, na makumi ya maelfu ya Waturuki wakahamia kaskazini. Makarios alirudi mwisho wa mwaka, akafa tarehe 3 Agosti 1977.

Mstari wa kalamu sasa umekuwa ukanda wa kilomita 180 kutoka pwani hadi pwani, mahali pengine upana wake hatua chache, pengine kilomita saba. Kaskazini walijitangazia jamhuri yao mwaka 1983, na hakuna nchi inayoitambua ila Uturuki. Nakutajia jambo hili kwa sababu vijana wa kwetu wengi hupata barua za kuitwa katika vyuo vya huko. Ukiipata, tafuta kwanza mji huo uko upande gani wa mstari. Ndege ziendazo kaskazini hupitia Uturuki, na kusini unahesabiwa umeingia bila ruhusa.

Aprili 2004 watu wa kisiwa walipigia kura mpango wa kuwaunganisha, uliotungwa chini ya Kofi Annan. Waturuki 65 kwa mia waliukubali. Wagiriki 76 kwa mia waliukataa. Juma moja baadaye Kupro ikaingia Umoja wa Ulaya ikiwa imegawanyika. Annan huyo ndiye aliyekuja Nairobi Januari 2008, wakati watu wa Kibera na Kawangware walipokuwa wakibeba magodoro kutoka mtaa hadi mtaa, kila mmoja akitafuta mahali isemwapo lugha ya mama yake. Waulize wazazi wako. Watakuonyesha mistari iliyokuwako, ambayo hakuna jemadari aliyeichora. Mapatano ya hapa yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari, na mingi ya mistari hiyo imefutika.

Katiba ya Kupro ya mwaka 1960 haijafutwa. Bunge liliongezwa mwaka 1985 likawa na viti 80, na 24 kati yake vimewekwa kwa ajili ya Waturuki. Wabunge 56 hukutana Nicosia. Viti vile 24 havijawahi kukaliwa.