Mitambo ya Awali ya Uchimbaji wa Bitcoin

Bitcoin ni sarafu ya kidijitali iliyoanza kufanya kazi tarehe 3 Januari, 2009, ikiasisiwa na mtu au kundi lililotumia jina la Satoshi Nakamoto. Katika uchimbaji wake, kompyuta hushindana kutafuta jibu la hesabu ili kuthibitisha miamala. Awali, mshindi wa kila awamu alipewa sarafu mpya 50.

Mwanzoni kompyuta ya nyumbani ilitosha. Mwaka 2010 wachimbaji walianza kutumia kadi za michoro, zinazofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2013 zikaingia sokoni mashine zenye chipu zilizoundwa kwa kazi hiyo pekee.

Jumuiya nayo ilikua. Tarehe 22 Mei, 2010, mkazi wa Florida, Marekani, alitoa Bitcoin 10,000 ili kupata piza mbili. Mwishoni mwa mwaka huo wachimbaji wadogo walianza kuunganisha nguvu na kugawana mapato kulingana na mchango wa kila mmoja.

Waraka wa Nakamoto wa mwaka 2008 ulikusudia kila prosesa iwe na kura moja. Hata hivyo, gharama za mashine na umeme zilipopanda, uchimbaji ulielekea mikononi mwa wenye mitaji mikubwa.